Chupa Namba Tatu

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya tarehe kumi na mbili Machi, ng'ombe mwekundu wa Melkior alikuwa na ute wa kijivu chini ya mkia. Ulikuwa mzito, wenye mabonge madogo meupe kama maziwa yaliyokatika, na ulikuwa umekauka kwenye paja la kushoto, dalili kwamba haukuanza kutoka asubuhi hiyo. Siku arobaini na mbili zilikuwa zimepita tangu apandishwe mbegu.

Immaculata, mpandishaji, alivaa glovu ndefu inayofika begani, akaipaka sabuni, akaingiza mkono. Kizazi alichokishika kupitia ukuta wa utumbo kilikuwa kinene upande mmoja, kizito na kilegevu, kama soksi iliyolowa maji. Alipoutoa mkono alisema maneno mawili tu.

"Hana mimba."

Alifundishwa kwamba habari mbaya hailainiki kwa kuzungushwa mdomoni.

"Wa tisa," alisema Melkior.

"Wa tisa kati ya kumi na mmoja, mtaa mzima."

"Hesabu naijua, mwanangu."

Melkior alikuwa mkulima wa mpunga hapa Kasansa, mwenye ng'ombe jike wanne na jozi moja ya maksai wa kulimia. Mpaka Novemba alikuwa pia na dume. Immaculata ndiye aliyemshauri amhasi: mbegu bora zingekuja kutoka Mpanda mara mbili kwa wiki, dume wa nyumbani alikuwa mdogo na mwenye damu ya ukoo mmoja na majike, na maksai wa tatu angesaidia shambani. Melkior alikubali, na majirani watano wakamfuata. Ng'ombe akishahasiwa, hakuna ushauri unaomrudisha. Sasa mtaa mzima ulikuwa na majike na maksai, na katikati yao mkono wa Immaculata.

Josefina, mke wa Melkior, alitokea jikoni na ndoo ya maji ya kunawia. Immaculata alipanga chumba cha uani kwao mwaka wa tatu sasa, na Josefina alikuwa amekwisha kumhesabu miongoni mwa watu wa kugombezwa.

"Umemwambia?" Josefina alimuuliza mumewe.

"Acha anawe kwanza."

"Aah! Wewe ukiambiwa useme, unatafuta maji. Nitamwambia mimi." Aliitua ndoo. "Imma, mwalimu wako alikuwa hapa juzi Jumapili, ulipokwenda Katumba kwa mama yako. Baada ya misa akakaa na wafugaji, kwenye benchi lile pale. Amesema mbegu zake ni nzima, amezipima mwenyewe. Shida ni mkono."

"Mkono wa nani?"

"Mkono wa nani tena? Kuna mwingine?"

Melkior alitazama kwato za ng'ombe.

"Na watu nao wakaongeza ya kwao," Josefina aliendelea. "Unawajua. Eti watu wa makambini, usafi wangejifunzia wapi. Nikawaambia, huyu anafua mpaka kamba ya kuanikia nguo! Huyu mkono wake umeingia ndani ya ng'ombe mara nyingi kuliko Melkior alivyoingia kanisani, na haujawahi kutoka na kosa. Wakacheka. Lakini kucheka si kukubali."

Immaculata alinawa. Alinawa vidole, viganja, vifundo, kisha kucha moja moja, kwa mpangilio uleule aliofundishwa na mtu aliyekuwa amekaa kwenye benchi lile. Aligundua kwamba ananawa kwa mara ya pili pale maji yalipokwisha.

* * *

Respicius alikuwa mtaalamu wa mifugo mstaafu, mkazi wa Nsemulwa pale Mpanda mjini. Miaka sita iliyopita, alipochoka kusubiri mitungi ya mbegu zilizogandishwa, ambayo ilifika Katavi kwa kuchelewa na mara nyingine hewa yake ya baridi ikiwa imekwisha njiani, alinunua dume bora akamwita Sajini. Mbegu za Sajini alizikinga mwenyewe, akazichanganya na maji ya kiini cha yai na dawa ya kuua bakteria, akazijaza kwenye mirija, akaipanga kwenye themosi yenye barafu. Themosi ilipanda basi la asubuhi. Huko Kasansa ilipokelewa na Immaculata, kila Jumanne na Ijumaa, ikiwa na karatasi iliyobandikwa kwa mwandiko wa Respicius: jina la dume, tarehe, kiwango cha uhai, na neno moja, *Safi*.

Yeye ndiye aliyemfundisha Immaculata kazi. Alimchukua kutoka darasa la watu thelathini na wawili, akamweka mbele ya darubini, akamwambia, "Andika unachokiona. Unachokitaka kakiandike kwenye barua kwa mchumba." Kwa msichana aliyekulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, ambaye babu yake alivuka kutoka Burundi na godoro kichwani, na ambaye karatasi za uraia wa familia yake zilikuwa changa kuliko yeye mwenyewe, mtu anayejali kinachoonekana tu alikuwa kimbilio. Darubini haiulizi umetoka wapi.

Ndiyo maana kwa siku mbili Immaculata alimwamini. Alikata kucha zilizokwisha kukatwa. Alichemsha bunduki ya kupandishia, ule mpini wa chuma unaosukuma mbegu, kwa dakika thelathini badala ya kumi na tano. Alikwenda kwa wafugaji wawili ambao ng'ombe wao walikuwa kwenye joto, akawaomba wasubiri, nao walikubali upesi kuliko alivyopenda.

Usiku wa Alhamisi hatimaye alilala. Ijumaa asubuhi aliamka na hoja ambayo ingepaswa kumjia Jumanne: mwaka jana, kwa mkono huuhuu na sabuni hiihii, ng'ombe kumi na saba kati ya ishirini na wanne walishika mimba. Mkono haukuwa umebadilika. Basi kilichobadilika kilikuwa kitu kingine, na kitu hutafutwa.

* * *

"Mpangaji wangu anapika viazi asivyokula," Josefina aliwatangazia kuku.

Vilikuwa viazi mviringo vya Sumbawanga. Immaculata alivimenya, akavikata vipande vya unene wa kidole, akaviweka kimoja kimoja kwenye chupa nne za jemu, akazichemsha pamoja na vifuniko vyake kwenye sufuria kubwa kwa saa nzima, akaziacha zipoe bila kuzifungua. Kiazi kilichopikwa ni shamba. Kila kitu kilicho hai, hata kile kisichoonekana, kikidondoshwa hapo kitaota.

"Sasa nieleze," Josefina alisema, akivuta kigoda. "Nisije nikaulizwa kanisani nikakosa jibu."

"Chupa ya kwanza nadondosha mbegu moja kwa moja kutoka kwenye mrija. Ya pili, mbegu iliyopita kwenye bunduki yangu. Ya tatu haina mbegu: ni maji niliyosuuzia glovu na bunduki."

"Yaani mkono."

"Mkono. Ya nne siweki kitu."

"Ya nne ni ya nini kama haina kitu?"

"Ikiota ukungu, basi nimekosea kupika, na zote ni za kutupa."

Josefina alifikiri. "Kwa hiyo ya tatu ikiota, umejifunga mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Na utatuambia?"

"Nitawaambia."

"Mmh," Josefina alisema. "Ningekuwa mimi, hiyo ya tatu ningeipika mara mbili."

Jumanne iliyofuata themosi ilipokuja, alirudia kazi yote na chupa nne nyingine, kwa sababu jambo lililotokea mara moja ni bahati au ajali. Alhamisi ya tarehe ishirini na moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alizipanga zote nane dirishani. Namba moja na namba mbili za Ijumaa zilikuwa na manyoya ya kijivu yaliyoanza kugeuka kijani katikati. Namba moja na mbili za Jumanne zilikuwa na doa jeupe, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Namba tatu na namba nne, za siku zote mbili, zilikuwa viazi vitupu.

Alidhani angefurahi. Alichokihisi kilifanana zaidi na pale mtu anapokanyaga ngazi ambayo haipo. Mkono ulikuwa safi. Kwa hiyo neno *Safi* lilikuwa chafu. Hata hivyo, kuvu ingeweza kumpita mtu. Macho ya Respicius yalikuwa ya miaka sitini na saba. Alilishika wazo hilo njia nzima hadi Mpanda, kama mtu aliyebeba yai.

* * *

Alifika Nsemulwa siku hiyohiyo saa nane mchana. Respicius alikuwa sebuleni akiongea na simu. Alimwashiria kwa mkono azunguke uani kama kawaida yake.

Sajini alikuwa amelala bandani juu ya maganda ya mpunga. Immaculata aliyatambua. Desemba wafugaji wa Kasansa, wakiwa bado na furaha ya ndama wa mwaka uliopita, walitaka kumtumia Mwalimu shukrani. Mwingine angetuma jogoo. Wao walitazama walicho nacho kwa wingi, wakajaza magunia ishirini ya maganda kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ili dume lao, walivyomwita, lisilale kwenye sakafu ya saruji. Immaculata ndiye aliyeyapakia juu ya basi. Siku hiyo mvua ilinyesha kuanzia Majimoto, jirani tu na Kasansa, na turubai lilikuwa moja.

Aliinama, akachukua konzi. Juu yalikuwa makavu. Chini yalikuwa yameshikana, yana mabaka ya kijivu, na yalipovunjika yalitoa vumbi lenye harufu ya mkate uliosahaulika kabatini. Dume hulala juu ya tumbo lake. Hakuhitaji kuambiwa njia ambayo kuvu ilipita.

Kisha akaona kadi.

Respicius alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa kwenye banda la pili, na kila mmoja alikuwa na kadi yake kwenye msumari, ndani ya mfuko wa nailoni: tarehe ya joto, tarehe ya kupandishwa, mbegu iliyotumika. Yeye mwenyewe alimfundisha Immaculata kwamba banda lisilo na kadi ni ukumbi wa uvumi. Hadi Desemba, kila mstari ulisomeka *Sajini*. Kuanzia tarehe kumi na sita Januari, ng'ombe wote watatu, kila mstari ulikuwa na namba ya mrija uliogandishwa, ule wa mtungi, ambao haukuwahi kugusana na Sajini wala maganda yake.

Alizisoma kadi zote mara mbili. Ng'ombe mwekundu wa Melkior alipandishwa mara ya kwanza tarehe tisa Januari. Hakushika, alirudi kwenye joto, akapandishwa tena tarehe thelathini. Mbegu ile ya pili ilipanda basi siku kumi na nne baada ya tarehe iliyokuwa mbele ya macho yake.

"Umeleta chakula, binti?" Respicius alikuwa amesimama nyuma yake, akitabasamu, akitazama chupa ya jemu iliyochungulia kwenye mkoba.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni viazi. Haviliki."

Aliitoa. Respicius alivaa miwani, akaigeuza chupa kwenye mwanga polepole, kama alivyogeuza kila kitu. Hakuuliza ni nini.

"Kazi nzuri," alisema. "Kipande kimekatwa sawa. Uliweka ya kulinganishia?"

"Ya mkono, na tupu. Hazikuota. Nimerudia mara mbili."

"Vizuri." Alimrudishia. "Dawa ninayoweka inaua bakteria. Kuvu haijali. Mambo haya huanza kidogo kidogo, hayana tarehe."

"Yana tarehe, Mwalimu. Kumi na sita Januari."

Respicius alifuata macho yake hadi kwenye msumari. Ng'ombe mmoja alikohoa. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaichelewesha mkononi.

"Kaa," alisema.

"Nitasimama."

"Nyie vijana mnapenda kusimama. Sikiliza. Nikiwaambia ni kuvu, nani atapokea themosi tena? Utawaeleza tofauti ya kuvu na uchawi? Watarudi kwenye madume ya machungani, na magonjwa ya machungani, na miaka sita ya kazi imekwisha. Nikiwaambia ni mkono, mkono hubadilishwa. Nimeshakuombea nafasi Inyonga. Mwezi wa nne ungehamia huko, pazuri tu, na Kasansa angekwenda mwingine. Mimi hapa ningekuwa nimemtibu Sajini. Hakuna mtu ambaye angeumia."

"Ng'ombe tisa."

"Nimesema mtu."

Immaculata alingoja, kwa kuwa alidhani sentensi hiyo ina mwisho mwingine. Haukuja. Alitambua kwamba mzee huyu hakumchukia, wala hakumkasirikia. Alikuwa amepima vitu viwili, huduma na mwanafunzi, akaandika jibu. Chuki ingekuwa nyepesi kubeba.

"Kwa nini uliendelea kutuma?" aliuliza.

"Ningeacha, wangeuliza kwa nini." Alisema hivyo kwa upole. Kisha, kwa upole uleule: "Na maganda haya yalitoka wapi, Immaculata? Nani aliyapakia siku ya mvua? Kama utakwenda kuwaambia, waambie na hilo."

"Nitawaambia na hilo."

Respicius alimsindikiza hadi getini, kama alivyomsindikiza kila mara kwa miaka minne. Alimwuliza hali ya mama yake, Annonciata, na kama mguu wake umepona. Alimtakia safari njema.

* * *

Jumanne ya tarehe ishirini na sita Machi, saa nne asubuhi, wafugaji sita walikaa kwenye mabenchi mawili uani kwa Melkior. Josefina alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mahali ambapo angesikia yote na kupakua kwa wakati. Juu ya meza kulikuwa na chupa nane.

Immaculata alisema mambo kwa mpangilio yalivyotokea. Alitaja ng'ombe kwa wenye nao, na tarehe. Alieleza viazi. Alieleza maganda, na alipofika hapo alisema, "Niliyapakia mimi. Niliona mvua. Sikurudi kuuliza yalianikwa au la." Alieleza kadi tatu, na tarehe kumi na sita Januari. Alisema kwamba chupa nyingine mbili, alizoziweka mbegu za Ijumaa iliyopita, na maelezo ya maandishi alikuwa amezifikisha ofisi ya mifugo ya halmashauri jana yake, na kwamba hakuwa amejibiwa bado. Hakumwita Respicius mwongo. Alisoma tu kilichoandikwa kwenye kadi.

Mtu aliyeitwa Maiko, mwenye ng'ombe wawili kati ya wale tisa, ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo zawadi yetu ndiyo imetupiga."

"Zawadi ilinyeshewa," alisema Melkior. "Aliyejua akanyamaza ni mwingine."

"Na huyu je? Si amesema alipakia yeye?"

"Amesema. Wewe ulisema nini pale kwenye benchi, Maiko, habari za makambini?"

Maiko alikuna goti.

Saa tano na dakika tano honi ya basi ilisikika barabarani. Baada ya muda kondakta aliingia uani, akipangusa vumbi usoni, ameshika themosi ya bluu.

"Mzigo wako, dada. Kama kawaida."

Kila mtu aliitazama. Immaculata aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani kando ya chupa, akaigeuza ili karatasi ionekane. *Sajini. 26/3. Uhai 70. Safi.* Mwandiko ulikuwa umenyooka, bila haraka, herufi kwa herufi kama ule wa Ijumaa iliyopita na wa Ijumaa ya kabla yake.

Melkior aliinuka. Alizipita chupa zenye manyoya, akachukua ile iliyoandikwa namba tatu, ya Ijumaa ya tarehe kumi na tano. Kiazi kilikuwa kimesinyaa pembeni, lakini rangi yake ilikuwa ya kiazi. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akampa Maiko. Maiko akampa jirani yake. Chupa ilizunguka mabenchi yote mawili, ikarudi.

"Na hii ya leo?" Melkior aliuliza, akionyesha themosi kwa kidevu. "Ni nzima au mbovu?"

Immaculata alijua jibu walilolitaka. Alijua pia jibu ambalo yeye mwenyewe alilitaka, na lilikuwa karibu sana na ulimi.

"Sijaipima," alisema. "Siwezi kusema."

Josefina alisimama kutoka kwenye kigoda. Aliingia jikoni, akatoka na kiazi, kisu, na chupa nne za jemu alizokuwa amezificha tangu Pasaka ya mwaka jana kwa ajili ya asali. Akamsukumia Maiko kisu.

"Menya. Unene wa kidole, siyo wa mkono wako."

Akabandika sufuria kubwa. Saa sita kasoro dakika nne, maji yalichemka.